Watu wote wananiletea shida zao, je naweza kuwa kaunsela?

Hili swali tunaulizwa kila muhula na watu wanaokuja kujiandikisha kwenye mafunzo yetu ya ukaunsela, na karibu kila mtu analiuliza kwa namna ileile, kwamba mimi bwana tangu shule watu wananifuata, wananieleza mambo yao ya ndani, nawashauri na wanafanikiwa, kwa hiyo nimeona nisomee kabisa nipate cheti. Sawa, hiyo ni dalili nzuri, watu hawamfuati mtu wasiyemwamini. Ila ukweli ni kwamba hicho kipaji cha kushauri ndo kitu cha kwanza tutakachokuambia ukiweke pembeni, na wengi hapo wanashtuka.

Tatizo kidogo ni la lugha yetu yenyewe. Tunaiita kazi hii ushauri nasaha, sasa ushauri ni ushauri na nasaha nayo ni ushauri, yani jina zima linakuambia kaa hapo uambiwe cha kufanya. Kaunsela hafanyi hivyo, au tuseme anafanya mara chache sana. Kazi yake ni kumsaidia mtu ajisikilize mwenyewe, aone anachokikwepa, apime njia zake halafu achague yeye, kwa sababu maisha ni ya kwake na matokeo atayabeba yeye. Ndo maana wengine wanapenda neno unasihi na mnasihi, ingawa ukichimba ni nasaha ileile tu imevaa nguo nyingine.

Kwa hiyo mafunzo yanaanza na kujifunza kukaa kimya. Darasani tunafanya mazoezi ya watatu watatu, mmoja anakuwa mteja na anazungumzia jambo lake la kweli (dogo, sio lile zito kuliko yote), mmoja anasikiliza, wa tatu anatazama na kuandika, halafu mnabadilishana. Ukiwatazama wanafunzi wapya, dakika tano haziishi kabla msikilizaji hajaanza "lakini umejaribu kufanya hivi?" Mteja anasema mama yangu hanipigii tena simu tangu nioe, msikilizaji anajibu si umpigie wewe. Jibu halina ubaya, hata shangazi yake angemwambia hivyohivyo, ila mazungumzo yameishia hapo. Akisema tu "inakuuma, kama vile ulipooa ulimpoteza," mara nyingi mteja ananyamaza kwanza, halafu ndo linatoka lile alilolileta. Inaonekana rahisi kwenye karatasi. Kuifanya bila kusikika kama kasuku anayerudia maneno ya mtu inachukua miezi.

Nadharia zipo na zinasomwa. Utamsoma mwanasaikolojia Carl Rogers, ambaye mwaka 1957 aliandika kwamba mteja anabadilika akikutana na mtu anayemwelewa kutoka ndani, anayempokea bila masharti, na ambaye haigizi. Utamsoma daktari wa akili Aaron Beck na namna mawazo yanavyoendesha hisia, utasoma ukuaji wa binadamu, familia, msiba, ulevi, dalili za magonjwa ya akili ili ujue lini umpeleke mtu kwa daktari badala ya kung'ang'ana naye. Mitihani ya haya yote ukijibidiisha unafaulu. Hatujapata shida sana na wanafunzi wanaofeli nadharia.

Shida iko kwenye wewe mwenyewe. Kozi nyingi za maana zinakutaka na wewe uende ukae kwenye kiti cha mteja, kwa kaunsela mwingine ambaye sio mwalimu wako, na watu wanalalamika hapa kuliko hata ada. Wanasema mimi sina shida, nimekuja kusoma. Ila chukua mtu aliyelelewa na baba mlevi na hajawahi kuligusa hilo jambo, siku anakuja mteja mlevi anaomba msaada, huyu kaunsela atamkasirikia bila kujua anamkasirikia nani, au atamhurumia kupita kiasi mpaka ampe namba yake binafsi ampigie usiku. Hatusemi uwe umepona kila kitu, nani kapona kila kitu? Tunasema ujue kidonda chako kiko wapi ili mtu akikigusa usidhani ni yeye anayekuumiza.

Baada ya hapo ndo wateja wa kweli, chini ya msimamizi, na hapa ndo moyo wa mafunzo ulipo. Marekani shahada ya uzamili ya fani hii, kwa programu zilizoidhinishwa na bodi inayoitwa CACREP, inadai mazoezi ya awali ya masaa 100 halafu intanshipu ya masaa 600, na katika hayo 600 angalau 240 uwe umewahudumia wateja moja kwa moja. Na ukishahitimu bado, leseni inakuja baada ya masaa mengine mengi ya kufanya kazi huku ukisimamiwa. Uingereza ni kichekesho kidogo, sheria haimkatazi mtu yeyote kujiita kaunsela, kinachomtofautisha aliyesoma ni uanachama wa vyama vya makaunsela kama BACP, na wao kozi ikitaka ithibati yao wanaiuliza masaa 100 ya wateja ya kila mwanafunzi wakati wa mafunzo yako wapi.

Msimamizi sio bosi wa kukukagua. Unarekodi kikao (mteja amekubali kwa maandishi), mnakisikiliza pamoja, anasimamisha na kukuuliza hapa ulibadilisha mada kwa nini? Na wewe unagundua ulibadilisha kwa sababu alianza kulia ukaogopa. Aibu yake haielezeki, tumeipitia wote. Na hii haiishi ukipata cheti, hao BACP wanataka aliyethibitishwa aendelee kusimamiwa angalau saa moja na nusu kila mwezi hata akiwa na miaka ishirini kazini.

Maadili nayo hayana mchezo. Siri ya mteja inalindwa ila ina mipaka, na mipaka hiyo mteja anaambiwa siku ya kwanza, sio siku mambo yameharibika. Mahakama ya Juu ya jimbo la California, Marekani, kwenye kesi ya Tarasoff mwaka 1976 iliamua kwamba mtaalamu akijua mteja wake ni hatari kwa mtu fulani ana wajibu wa kuchukua hatua kumlinda huyo mtu. Sheria zinatofautiana nchi na nchi, soma za kwenu kabla hujafungua mlango.

Sasa ukitafuta chuo usianze na jina wala urefu wa orodha ya masomo. Uliza nitakaa na wateja masaa mangapi, nani atanisimamia na mara ngapi kwa mwezi, na yeye amesomea usimamizi au ni mwalimu tu aliyepewa kazi ya ziada, na bodi ya usajili inakitambua cheti hicho? Wakikujibu kwamba kozi yote ni ya wiki sita kwenye simu na cheti unatumiwa kwa imeili, waulize ni nani atasikiliza siku mteja wako wa kwanza atakapoanza kulia na wewe ukabadilisha mada.