Neva imeumia wapi? Maswali ya wanafunzi wa udaktari, na majibu

Mgonjwa kaamka asubuhi, kiganja kinaning'inia, hawezi kukiinua. Nianze wapi?

Anza na mahali. Kwenye magonjwa ya mfumo wa fahamu, "ni ugonjwa gani" huja baadaye. Kwanza jiulize hitilafu iko wapi: ubongoni, kwenye uti wa mgongo, kwenye mzizi wa neva unapochomoza kati ya pingili, kwenye neva yenyewe, pale neva inapokutana na msuli, au ndani ya msuli. Ukishapajua mahali, orodha ya magonjwa hupungua yenyewe.

Sasa mrudie mgonjwa wako. Mwambie anyooshe kiwiko huku wewe ukimzuia. Kama traisepsi (msuli wa nyuma ya mkono wa juu) ina nguvu zake zote, basi neva ya radiali, inayoinua kiganja, imebanwa chini ya pale matawi ya traisepsi yanapochipukia, yaani inapozunguka nyuma ya humerasi, mfupa wa mkono wa juu. Gusa ngozi ya mgongo wa kiganja kati ya gumba na kidole cha shahada, ganzi utaikuta hapo. Halafu muulize alilalaje. Wengi watakuambia walisinzia kitini mkono ukiwa umetupwa juu ya egemeo, na baadhi wataona haya kusema kwamba walikuwa wamelewa.

Kuna mtego hapa. Mwambie akubane vidole vyako na utaona hana nguvu, utadhani neva zote tatu za mkono (radiali, mediani na ulna) zimekufa. Mnyanyulie kifundo cha mkono kwa mkono wako wa pili, kiwe kimenyooka, kisha arudie kubana. Nguvu zinarudi papo hapo! Vidole haviwezi kukaza ngumi vizuri kifundo kikiwa kimelegea. Vivyo hivyo, usipime kutanua vidole hewani. Laza kiganja chake mezani kwanza, la sivyo utaishutumu neva ya ulna bure.

Na kama ni kiharusi?

Inawezekana, kiharusi kidogo cha eneo la mkono ubongoni huiga hali hii vizuri sana. Mwambie akunje ngumi. Kwenye kiharusi, kifundo mara nyingi hujiinua chenyewe anapokunja, ingawa akiambiwa akiinue hawezi. Kwenye jeraha la neva ya radiali kinazidi kuanguka.

Kanuni ya jumla mnaijua: hitilafu ya ubongo au uti wa mgongo huleta misuli iliyokakamaa, refleksi kali (msuli kuruka wenyewe ukigongwa kwa nyundo) na kidole gumba cha mguu kuinuka unapoukwaruza unyayo (alama aliyoieleza daktari Babinski mwaka 1896). Hitilafu ya neva ya pembeni huleta misuli iliyolegea, inayonywea, na refleksi zilizofifia. Ila kiharusi kibichi, cha saa au siku chache, kinaweza kulegeza mkono na kuzima refleksi. Kwa hiyo ulegevu peke yake usikutoe kwenye kiharusi.

Usoni kuna msaada zaidi. Sehemu ya juu ya uso hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, ndiyo maana mwenye kiharusi huweza kukunja paji la uso ingawa mdomo umepinda. Mwenye kupooza kwa Bell, yaani neva ya uso yenyewe ikiugua, hawezi: paji limelainika upande mmoja na jicho halifumbi. Huyo apewe prednisoloni (steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe) ndani ya saa 72, na jicho lake lilindwe kwa matone, kisha lifungwe kwa plasta laini usiku. Jicho lililokauka linaweza kumwachia kilema hata baada ya uso kupona.

Mgonjwa anasema ana "ganzi". Niandike amepoteza hisia?

Usiandike bado. Neno ganzi katika Kiswahili limebeba mizigo mingi. Mmoja anamaanisha hasikii akiguswa, mwingine anasikia sisimizi wakitembea ngozini, na wa tatu anasema "mkono umekufa ganzi" akimaanisha hauna nguvu. Muulize: ukiguswa unasikia? Unachomwachomwa? Kikombe kinakuponyoka? "Mshipa" nao ni hivyo hivyo, unaweza kuwa neva, mshipa wa damu, ukano, hata ngiri. Na mwenye kusema "mkono" mwambie akuoneshe kwa kidole unaanzia wapi na unaishia wapi. Mpaka anaouchora ndio nusu ya utambuzi.

Neva iliyoumia hupona?

Inategemea kilichoumia ndani yake. Mwaka 1943 daktari wa upasuaji Herbert Seddon aliyagawa majeraha haya katika aina tatu, na bado tunazitumia aina hizo. Neurapraksia: ala ya mayelini inayofunika aksoni imeharibika, lakini aksoni, uzi unaopitisha umeme, ni nzima. Umeme unakwama tu, na mgonjwa hupona katika wiki chache hadi miezi mitatu hivi. Aksonotmesisi: aksoni imekatika ila mirija yake imebaki, kwa hiyo aksoni mpya ina njia ya kufuata. Neurotmesisi: neva nzima imekatika, na bila upasuaji usitarajie kitu cha maana.

Kipande cha aksoni kilichotengwa na seli yake hufa chote kuelekea chini, jambo alilolionesha Augustus Waller kwa neva za chura mwaka 1850. Kisha aksoni huanza kuchipua upya kwa mwendo wa takriban milimita 1 kwa siku. Piga hesabu: neva ya ulna iliyokatwa juu kidogo ya kiwiko ina kama sentimita 30 kufika misuli midogo ya kiganja. Hizo ni siku 300. Na msuli uliokosa neva kwa miezi 12 hadi 18 huwa umeshaharibika, neva ikifika haikuti wa kuipokea. Ndiyo maana jeraha safi la kisu lenye ganzi chini yake haliambiwi "tusubiri tuone". Linafunguliwa na neva inashonwa mapema.

Kipimo cha umeme wa neva nikiombe siku hiyo hiyo?

Kwa kawaida hapana. Siku chache za mwanzo kipande cha chini cha neva iliyokatika bado hupitisha umeme kana kwamba hakuna kilichotokea, na dalili za msuli kukosa neva huonekana vizuri baada ya wiki 3 hivi. Kwa siku ya kwanza tegemea vidole vyako na nyundo yako.

Kwa nini neva ya ulna ikikatwa kifundoni vidole hujikunja kama makucha zaidi kuliko ikikatwa kiwikoni?

Swali hili linapendwa na watahini, na kwa haki. Makucha hayo hutokea kwa sababu misuli midogo ya kiganja, inayonyoosha viungo vya vidole, imepooza, huku msuli mrefu unaoanzia chini ya kiwiko ukiendelea kuvuta ncha za kidole cha pete na kidole cha mwisho. Ukikata kiwikoni, huyo mvutaji naye anapooza, basi vidole vinaonekana afadhali. Maana yake ni kwamba mgonjwa wa kiwiko anayepona anaweza kuona vidole vikizidi kujikunja katikati ya safari. Mwambie mapema, asije akadhani umemharibu.

Kipimo cha karatasi usikisahau: aibane kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, wewe uvute. Gumba likijikunja nchani, neva ya mediani inasaidia kazi ambayo ulna imeshindwa.

Mguu unaburuta. Ni diski ya mgongo au neva?

Mwambie augeuze unyayo uelekee ndani. Akiweza kwa nguvu, neva ya peronea ndiyo iliyobanwa pale inapopita juu ya shingo ya fibula, chini kidogo ya goti upande wa nje. Akishindwa, fikiria mzizi wa L5 (wa pingili ya tano ya kiuno), ambao diski huweza kuubana. Muulize kama hukaa kwa kukunja nne muda mrefu, kama amekonda ghafla, na kama ana plasta ngumu mguuni. Kama plasta inabana, ifunguliwe leo.

Na miguu yote miwili ikifa ganzi kama amevaa soksi?

Hapo neva ndefu ndizo zinazoanza kuugua. Tafuta kisukari kwanza, halafu pombe, upungufu wa vitamini B12, VVU, na isoniazidi (dawa ya kifua kikuu) iliyotolewa bila piridoksini (vitamini B6). Mabaka ya ngozi yasiyo na hisia pamoja na neva iliyonenepa nyuma ya kiwiko ni ukoma mpaka uthibitishwe vinginevyo.

Ni lini nimwite mkubwa wangu usiku?

Mara mbili, hata kama atanuna. Kwanza, miguu dhaifu pamoja na mkojo kuziba au ganzi ya sehemu anazokalia. Huyo anahitaji picha ya MRI na daktari wa upasuaji usiku huo. Pili, udhaifu unaopanda kutoka miguuni kwa siku chache huku refleksi zikipotea. Hiyo ni Guillain-Barré (kinga ya mwili kushambulia neva), iliyoelezwa mwaka 1916, ambayo mara nyingi hufuata kuhara au mafua ya wiki chache nyuma. Tiba ni imunoglobulini (kingamwili) ya mshipani au kubadilisha plazima (maji ya damu). Steroidi hazisaidii. Protini kwenye maji ya uti wa mgongo inaweza kuwa ya kawaida wiki ya kwanza, isikudanganye.

Wala usijipe moyo kwa sababu oksijeni inasoma asilimia 98, maana hiyo hushuka mwishoni kabisa. Mwambie avute pumzi moja kubwa na ahesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine. Kama asubuhi alifika 30 na sasa anaishia 14, piga simu chumba cha uangalizi maalumu ukiwa bado umesimama kando ya kitanda chake.