Kipimo cha kuuma: skana, silikoni au nta?

Kofia ya jino (kifuniko bandia cha jino lililosagwa) ikirudi kutoka maabara, ikakaa barabara kwenye kisiki chake lakini ikagonga jino la juu kabla ya mengine kukutana, usikimbilie kulaumu chapa, yaani alama ya meno iliyochukuliwa kwa trei mdomoni. Mara nyingi kosa liko kwenye kipimo cha kuuma, yaani ile rekodi inayomwonyesha fundi mahali meno ya juu na ya chini yanapokutana. Kuna madaktari wenzangu hapa Nairobi wanaonunua skana, kamera ya kupiga picha za meno mdomoni, wakitumaini itawaondolea usumbufu huu. Skana hurekodi alivyouma mgonjwa, basi. Akiuma vibaya utapata kosa lilelile, ila sasa lina rangi nzuri kwenye skrini.

Ukimwambia mtu "uma" tu, wengi husukuma taya la chini mbele kana kwamba wameshika muhindi wa kuchoma. Mimi husema, "Mama, meza mate, halafu funga meno ya nyuma." Tunarudia mara tatu nne kabla ya sindano, maana ganzi ikishaingia hajui tena meno yake yako wapi. Kisha nashika kwa koleo kipande cha utando wa mikroni 8, ambao ni mwembamba kuliko unywele mara kadhaa, nauweka kati ya magego, anafunga, navuta. Ukikwama, meno yamegusana. Ukichomoka, bado kuna mwanya. Naandika kwenye kadi ni meno yapi yanashika. Kadi hiyo nitaihitaji kwa njia yoyote nitakayotumia.

Nta ni ya bei nafuu na kila mtu anaijua. Husinyaa ikipoa na hulainika ikipata joto, kwa hiyo ile iliyokaa kwenye begi la boda boda juani, katika foleni ya Thika Road, huenda ikafika maabara imepinda. Silikoni ya kipimo cha kuuma ni bora zaidi: huganda mdomoni kwa takriban dakika moja na kubaki ngumu. Ila usiimwage juu ya meno yote. Iweke pale jino liliposagwa tu, mengine yagusane yenyewe. Ikiganda, ipunguze kwa kisu cha upasuaji hadi zibaki alama za ncha za meno peke yake. Silikoni iliyoingia kwenye vifereji vya gego au kulalia ufizi haitakaa sawa kwenye modeli, yaani mfano wa meno wa plasta ngumu uliomiminwa kwenye chapa: ufizi ulibonyea wakati wa kuuma, plasta haibonyei.

Na kama mgonjwa ana meno ya kutosha pande zote, usiweke kitu katikati. Modeli zenyewe zitashikana mkononi mwa fundi. Unene wa milimita 1 ukibaki kwenye magego, mbele panafunguka karibu milimita 3.

Chapa inayodharauliwa zaidi ni ya meno ya taya linalokabili, ile ya aljineti (unga wa kuchapia unaochanganywa na maji) inayochukuliwa harakaharaka mwishoni. Kiputo cha hewa kikinaswa kwenye kifereji cha gego, plasta hukijaza na kuwa kishanga. Kishanga hicho kidogo huziweka modeli mbali, na kofia hutengenezwa ndefu kupita kiasi. Kabla ya kuweka trei, paka aljineti kwa kidole juu ya magego. Mimina plasta ndani ya dakika 10 hadi 15, kabla aljineti haijapoteza maji na kusinyaa. Julai maji ya bomba yakiwa baridi, itachelewa kuganda, kwa hiyo usitoe trei kwa mazoea ya saa.

Hapo ndipo skana inaponifurahisha: hakuna viputo, hakuna plasta, na mgonjwa anauma bila kitu katikati. Kausha meno, pitisha skana kwenye taya la chini, kisha la juu, halafu mwambie afunge. Ingiza ncha ya skana shavuni na upige picha meno matatu hivi ya juu na ya chini, kisha ufanye vivyo hivyo upande wa pili. Ncha inaposukuma shavu, wengine husogeza taya bila kujua. Ukipiga upande mmoja tu, programu inaweza kulalisha taya na kuacha mwanya kule kwingine. Fungua ramani ya rangi, inayoonyesha meno yanapogusana, ilinganishe na kadi. Kadi ikisema gego la kushoto linashika utando na skrini ikaonyesha mwanya, futa kipimo cha kuuma pekee, urudie. Ni suala la sekunde chache.

Kwa kofia moja au daraja fupi (meno bandia machache yaliyounganishwa), sisiti kutumia skana. Kwa taya zima najihadhari, kwa sababu picha huunganishwa moja baada ya nyingine na vikosa vidogo hujumlika kadiri unavyozunguka. Mzee asiye na meno ya nyuma kabisa hampi skana pa kushika. Huyo bado namtengenezea kingo za nta juu ya bamba ili kupima anavyouma, kama zamani.

Faili inapotumwa, orodha ya meno yanayoshika utando iende nayo. Fundi hana mgonjwa mbele yake.