Kofia ya jino, uzi na ufizi: maswali na majibu

Kofia haiozi. Uzi wa kusafishia kati ya meno ni wa nini tena?

Ni kweli, kofia ni kifuniko cha chuma au kauri kinachovishwa juu ya jino, nacho hakiozi. Kinachooza ni jino lililobaki chini yake, na uozo huingilia pale ukingo wa kofia unapokutana na jino, mara nyingi usawa wa ufizi au chini yake kidogo. Ukoga hujificha hapo, na mswaki haufiki kati ya jino na jino. La kuchungwa zaidi ni jino lililotibiwa mzizi: mshipa wake wa fahamu umeshaondolewa, hivyo linaweza kuoza kimyakimya bila kuuma.

Uzi unapitishwaje?

Kata sentimita 45 hivi, uzungushie kwenye vidole vya kati, ubakize kama sentimita 3 za kufanyia kazi. Uingize kwa kuusogeza mbele na nyuma polepole. Ukiusukuma kwa nguvu utachana ufizi. Ukishapita, uzungushe ukumbatie ubavu wa jino, uuteremshe chini ya ufizi mpaka ugote, kisha sugua juu na chini mara 4 au 5. Geuzia jino la jirani. Mara moja kwa siku inatosha, na usiku ndio wakati mzuri.

Hautaing'oa kofia?

Iliyogandishwa vizuri, hapana. Ikitoka na uzi, ujue saruji (gundi inayoishika kwenye jino) ilikwisha kuachia au jino limeoza ndani. Kofia ya muda, ile inayovaliwa ukisubiri ya kudumu, ndiyo ya kuonea huruma, kwa kuwa saruji yake hufanywa dhaifu makusudi. Hiyo, usirudishe uzi ulikoingilia. Achia ncha moja uuchomoe kwa pembeni.

Ufizi unatoka damu. Niache?

Usiache. Damu kwa kawaida ni dalili kwamba ukoga umekaa muda mrefu, na ukisafisha kila siku hukoma ndani ya wiki 1 hadi 2. Ikiendelea kwenye jino lenye kofia peke yake, shuku kofia: huenda saruji imebaki chini ya ufizi, au ukingo umejitokeza. Uzi unaochanika kila mara mahali palepale unaashiria jambo hilohilo, au uozo. Nyama ikinasa hapo kila mlo, kofia haijagusana vizuri na jino la jirani, na vijiti vya meno vitazidi kuujeruhi ufizi tu. Yote haya ni ya daktari wa meno kurekebisha.

Na mstari mweusi kwenye ufizi?

Kama kofia ina chuma ndani na kauri nje, mara nyingi ni chuma kilichoonekana baada ya ufizi kurudi nyuma. Peke yake si uozo.