Tumbo likinywea, acheni presha ilivyo

Nimepigiwa simu tena, safari hii kutoka hospitali moja ya wilayani: "Injinia, mashine ya gesi ni dhaifu. Tuliweka 12 tumbo likanywea, tukapandisha 15, tukaenda 18, bado utumbo unatujia kwenye kamera." Aliyepiga ni mpasuaji hodari wa upasuaji wa matundu madogo, ule wa kujaza tumbo gesi ili kamera na vyombo vipate nafasi, na sina ugomvi na mikono yake. Ugomvi wangu ni na imani yenyewe, kwamba namba ya presha ndiyo inayojaza tumbo. Naisikia kwa madaktari, naisikia kwa manesi wa thieta, na kibaya zaidi naisikia kwa mafundi wenzangu wa vifaa tiba, ambao ndio wangepaswa kuizuia mlangoni.

Tazama uso wa mashine. Kuna presha uliyoomba, kwa milimita za zebaki, kuna presha iliyopo, na kuna mtiririko wa lita kwa dakika. Uliyoomba ni kikomo tu: unaiambia mashine isimame ikifika hapo. Kama umeomba 12 na iliyopo inasoma 6, mashine haijasimama, inasukuma kila inachoweza kusukuma. Ukipandisha ombi hadi 18, gesi haiongezeki, kwa kuwa mashine ilishafika mwisho wa uwezo wake kabla hujagusa kitufe. Jerikeni lenye tundu halijai kwa kuchorewa mstari wa juu zaidi.

Najua ziko mashine zinazoongeza nguvu ya kusukuma kidogo ukipandisha ombi, na kuna atakayenijibu hivyo. Sawa. Lakini kwenye njia nyembamba gesi ikienda kasi huvurugika, na hapo hata ukisukuma kwa nguvu mara mbili unapata mtiririko wa mara moja na nusu kasoro, si mara mbili. Kwa faida hiyo ndogo unaacha mtego ukiwa umetegwa.

Mtego ni huu. Uvujaji hauendelei muda wote. Kuna aliyekuwa anavuta damu kwa sakshen, sasa ameacha. Kuna kifaa kilichokuwa kimetolewa, sasa kimerudishwa. Tundu limezibika, mashine bado ina amri ya 18, na baada ya muda mfupi tumbo liko 18 kweli. Mpasuaji anaona vizuri, ameridhika, na hakuna anayekumbuka kurudisha namba. Anayelipa ni mgonjwa: mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni unabanwa, figo zinapata damu kidogo, kiwambo kinachotenga tumbo na kifua kinasukumwa juu, na daktari wa usingizi anapambana na mapafu magumu bila kujua nani amegusa nini upande wa pili wa shuka. Kwa mtu mzima, milimita 12 hadi 15 za zebaki zinatosha kazi nyingi, na ziko nyingi zinazofanyika kwa 10. Watoto huhitaji chini ya hapo. Tena anayepandisha anapata nafasi kidogo sana, maana ukuta wa tumbo ukishanyooka hauna pa kwenda, na sehemu kubwa ya nafasi umeshaipata kabla ya 12.

Mapenzi haya ya presha ni ya zamani. Georg Kelling, alipochungulia tumbo la mbwa mwaka 1901 huko Ujerumani, aliingiza hewa iliyochujwa, na moja ya nia zake ilikuwa kuzuia damu isivuje ndani kwa kulijaza tumbo hewa yenye presha kubwa. Ilichukua miongo kadhaa mpaka Kurt Semm, daktari Mjerumani, kwenye miaka ya 1960, akaja na mashine inayojidhibiti yenyewe. Kazi ya mashine ile ilikuwa kuzuia presha isipite kiasi. Kwa nini kaboni dioksaidi na si hewa? Haisaidii moto kuwaka, kwa hiyo unaweza kuchoma kwa diathemi (umeme wa kukata na kuzuia damu), na huyeyuka kwenye damu upesi kuliko hewa, kwa hiyo kipovu kikiingia mshipani hatari hupungua, ingawa haiishi. Basi, tusonge.

Namba tatu zile zikisomwa pamoja zinakuambia ugonjwa wenyewe. Iliyopo iko chini na mtiririko uko juu: gesi inatoka mahali. Tafuta sakshen kwanza, maana sakshen ya ukutani ikifunguliwa wazi, mashine ya lita 20 haiwezi kushindana nayo. Halafu angalia mpira wa trokari, lile bomba fupi linalopita ukuta wa tumbo, halafu ngozi iliyochanwa pana kuliko kanula, yaani mwili wa bomba hilo. Iliyopo iko chini na mtiririko nao uko chini: mtungi umekwisha au regulata, kipunguza presha cha mtungi, imebana. Iliyopo inalingana na ulichoomba, mtiririko ni sifuri, na tumbo liko bapa: hapo ndipo watu hudanganyika. Mashine haina jicho tumboni, inapima kupitia paipu ileile inayopeleka gesi. Zile za kawaida husukuma, husimama, hupima, kisha husukuma tena. Koki ikiwa imefungwa, paipu ikiwa imekunjika chini ya mguu wa mtu, kichujio kikiwa kimelowa, au ncha ya trokari ikiwa bado imo kwenye mafuta nje ya utando wa tumbo, mashine inasoma presha ya paipu yake na kukuambia kila kitu kiko sawa. Na kama njia zote ziko wazi, zungumza na wa usingizi: huenda misuli haijalegea. Hakuna hata hali moja kati ya hizi inayotibiwa kwa 18.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi hasa, na ambacho ni kazi yangu: trokari yenyewe. Watu huiona kama bomba la kupitishia vyombo. Mashine huandikwa "lita 40 kwa dakika" kwa herufi kubwa, hospitali inanunua kwa herufi hizo, kisha inaunganishwa na kanula ambayo haiwezi kupitisha hata nusu yake. Namba ile ni ya mashine ikipuliza ovyo hewani. Mgonjwa anapata kinachopita kwenye sehemu nyembamba kuliko zote, na sehemu hiyo iko mkononi mwako: koki ndogo ya pembeni.

Koki hiyo ina kiungo cha Luer, kilekile cha bomba la sindano. Ncha ya dume ya Luer ina upana wa nje wa takribani milimita 4. Toa unene wa ukuta wake, na shimo linalobaki kwa gesi ni kama milimita 2 na nusu. Uwe na paipu nene kama kidole gumba, uwe na mashine ya bei ya nyumba, gesi yote inapita hapo.

Ikishapita hapo inakutana na mwenye nyumba wa pili, yaani kamera. Chukua kanula yenye upana wa ndani wa milimita 11, utie teleskopu, yaani fimbo ya kamera, ya milimita 10. Ukipiga hesabu ya duara, njia tupu ilikuwa milimita za mraba 95, iliyobaki ni kama 16. Fanya hivyo kwa kanula ndogo ya milimita 5.5 yenye teleskopu ya 5: zimebaki 4, tena si tundu la mviringo, ni mwanya wa robo milimita unaoizunguka teleskopu urefu wote wa kanula. Gesi kwenye mwanya wa namna hiyo inasuguana na ukuta pande zote mbili, na inapita kidogo mno kuliko ambavyo ingepita kwenye tundu la mviringo la eneo lilelile. Kwa hiyo, jamani, paipu ya gesi isiwe kwenye trokari ya kamera kama una trokari nyingine. Ihamishie kwenye ile ambayo mara nyingi iko tupu au ina chombo chembamba. Utapata gesi zaidi, na utaondoa ukungu pia, kwa sababu gesi ya mtungi ni baridi na kavu, inaipoza lenzi, na mvuke wa tumboni unageuka matone juu ya kioo baridi. Nimeona timu ikifuta lenzi kila mara na kulaumu kamera, wakati dawa ilikuwa kuhamisha paipu moja.

Mbona basi waundaji wasipanue mwanya? Kwa sababu kanula ina kazi ya pili, kuongoza chombo. Ukutani mwa tumbo ndipo mhimili ulipo, na mkono wa mpasuaji ukienda kushoto ncha inaenda kulia. Ukiacha mwanya mpana, chombo kinacheza ndani ya kanula, na mpasuaji anayefunga nyuzi anasikia ule mchezo mkononi kabla ncha haijasogea. Ukibana mwanya, chombo kinatulia lakini gesi inakosa njia. Na mpira wa juu nao una matakwa yake: ukishika sana, chombo kinakwama na kuivuta kanula nje ya tumbo, ukilegea, gesi inapita. Chini yake kuna valvu ya midomo miwili inayojifunga chombo kikitoka. Hizi mbili hufanya kazi tofauti. Kama gesi inavuja chombo kikiwa ndani, mkosaji ni mpira wa juu. Kama inavuja kikiwa kimetoka, ni valvu. Kabla ya kuniambia trokari mbovu, niambie inavuja wakati gani.

Hapa kwetu Uganda trokari iliyoandikwa ya kutumika mara moja hutumika mara nyingi, sote tunajua. Silikoni inakakamaa kwa kemikali na kwa joto la otoklevu (mashine ya mvuke ya kuua vijidudu), midomo ya valvu inabaki wazi, na nesi anaishia kuweka kidole. Mimi nasukuma kanula za chuma zenye mpira unaobadilishwa, na nasema waziwazi kwamba hesabu yake si nyepesi: mpira wa kubadilisha usipopatikana dukani Kampala, kanula ya chuma ya miaka kumi inageuka kuwa bomba linalovuja la miaka kumi.

Mawili ya haraka kabla sijaendelea. La kwanza ni mtungi. Ndani ya mtungi mna kimiminika, kwa hiyo geji haikuambii kilichobaki. Kwenye nyuzi 20 itasoma kama baa 57 mtungi ukiwa umejaa na ukiwa umebaki nusu, kisha kimiminika kikiisha inaporomoka ghafla katikati ya kazi. Thieta ikipita nyuzi 31 hakuna tena kimiminika, na geji inasoma kwa sheria nyingine kabisa. Pima kwa mizani, na mtungi ukae wima daima. La pili: kuna wanaosema Kabale, mji wa milimani, wapandishe presha kwa sababu ya mwinuko. Hapana. Mashine hupima tofauti kati ya tumbo na chumba, na 12 ya Kabale inasukuma ukuta wa tumbo kama 12 ya Mombasa.

Nirudi kwenye karakana. Njia tatu ziko mbele ya kila anayeunda kanula ya kupitisha gesi vizuri. Unaweza kutoboa koki pana na kuachana na Luer, gesi ikapita kwa raha, lakini paipu ya kiungo hicho utaipata kwa aliyekuuzia tu, naye yuko mbali. Ubaya wa Luer unaumiza, ila paipu yoyote ya hapa inaingia. Unaweza kumtoboa mgonjwa tundu la ziada kwa ajili ya gesi peke yake, jambo ambalo sitalipendekeza kwa urahisi kwa mtu aliyekubali upasuaji huu ili atobolewe kidogo. Au unachimba mifereji ya urefu ndani ya ukuta wa kanula: chombo kinatelezea kwenye migongo iliyobaki na kutulia, gesi inashuka mferejini.

Hii ya tatu ndiyo ninayoichonga na mchongaji mmoja wa Katwe mwenye mkono ambao mashine ya kompyuta ingeuonea wivu. Kwenye meza inafanya kazi, na tofauti unaiona kwenye namba ya mtiririko ukitia teleskopu. Kinachonikosesha usingizi ni sinki. Mfereji unashika damu, na damu iliyokauka kwenye kona ya mfereji haitoki kwa brashi ya mviringo. Nimeufanya mfereji kuwa mpana na usio na kina, nikazungusha kona zote, na bado naona rangi ya majaribio ikibaki karibu na ncha, pale ambapo mkono wa anayeosha kwa haraka hauwezi kufika. Vitabu vya usanifu vinauita usafishaji hatua ya mwisho. Nadhani ulipaswa kuwa mchoro wa kwanza, na sijui bado kama mfereji wowote unaweza kukidhi gesi na brashi kwa pamoja. Mpaka nijue, kanula hizo zinabaki kwenye masanduku ya mazoezi ya wanafunzi, haziendi kwa mgonjwa.

Wakati huohuo, kabla ya kunipigia simu, fanyeni jaribio hili asubuhi thieta ikiwa tupu. Wekeni mtiririko wa juu kabisa, paipu ikiwa wazi hewani, msome. Unganisheni trokari, koki ikiwa wazi, msome tena. Tieni kamera, msome mara ya tatu. Niandikieni namba zote tatu pamoja na upana wa kanula, nami nitajibu.