Soko Bila Bei

Pale Mwanjelwa, Mbeya, mkikubaliana bei ya gunia la viazi biashara imekwisha. Muuzaji hana habari wewe ni nani. Ndiyo maana wengi hudhani mchumi hushughulika na bei tu. Si kweli. Kuna mambo yasiyo na bei: figo, kwa mfano, hairuhusiwi kuuzwa karibu kote duniani. Sasa tuseme mke wa Mbeya, damu kundi A, anataka kumpa figo mumewe wa kundi B: haifai. Iringa kuna mume wa B, mgonjwa ni mkewe wa A. Wabadilishane! Mchumi Alvin Roth na wenzake walibuni utaratibu wa kuwakutanisha watu kama hao Marekani. Mwaka 2012 Roth na mwanahisabati Lloyd Shapley wakapewa Nobeli ya uchumi. Kwa kawaida upasuaji hufanywa kwa wakati mmoja, maana binadamu ni binadamu: mtoaji, mgonjwa wake akishapata figo, anaweza kughairi, na hakuna mahakama itakayomlazimisha atoe figo.