Herpes kwenye karatasi ya mtoto sio lazima iwe ya zinaa

Jamani hili linavuruga nyumba za watu bure kabisa. Mtu yuko Marekani, kapeleka mtoto hospitali na homa, baadae anapata karatasi ya bima ina kodi (yaani code, alama ya kutambulisha ugonjwa) B10.81, maelezo yanasema virusi vya herpes vya binadamu namba 6, basi usiku huohuo mwenzie anaulizwa alikuwa na nani!

Sikieni. Hii familia ya virusi ina namba mpaka 8. Ile ya midomoni na sehemu za siri ni namba 1 na 2, na kodi yake ni B00, ikiwa sehemu za siri inaandikwa A60. Tetekuwanga na mkanda wa jeshi ni namba 3, zina B01 na B02. B10 ya kule Marekani imewekwa kwa zile zisizotajwa sana, yaani namba 6, 7 na 8.

Sasa hiyo namba 6 watoto wengi sana wanaipata kabla ya miaka 2, inapita kwenye mate tu, homa inapanda juu siku 3 hadi 5 halafu ikishuka ndo vipele vinatoka kifuani na mgongoni, na vikitoka hivyo kodi inakuwa B08.21 wala sio B10. Namba 8 ndo inayohusishwa na kansa ya Kaposi, ila kansa yenyewe inaandikwa C46.

Kwahiyo kabla hujagombana na mtu soma kodi yote mpaka tarakimu za baada ya nukta, na kama huelewi muulize daktari aliyemuona mtoto.