Je, wajua? Kidonge cha mafua kinaweza kumfungia mzee mkojo

Tezi dume ya kijana ina ujazo wa mililita 20 hivi, nayo imeuzunguka mrija wa mkojo pale unapotoka kwenye kibofu. Umri ukishapita miaka 40 huanza kunenepa na kuubana mrija huo. Kibofu nacho huongeza nguvu ya kusukuma, ndiyo maana mzee hukaa miaka mingi na mkojo mwembamba, wa kukatikakatika, akidhani ni uzee tu. Kumbe kibofu kinashindana na tezi, na dawa ya mafua huisaidia tezi.

Vidonge vingi vya mafua huchanganya dawa kadhaa. Pseudoefedrini au fenilefrini huibana mishipa ya damu ya pua ili pua izibuke; lakini misuli ya ndani ya tezi dume na ya shingo ya kibofu huitikia amri ileile, ikakaza. Klorfenamini, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Piriton, hukausha makamasi na papo hapo hulegeza msuli wa kibofu. Mlango umekazwa, msukumaji kalegea.

Kwa kawaida haja hubana kibofu kikifika mililita 300 hadi 400. Mkojo ukifunga hupita 500, pengine ukafika lita nzima, na maumivu ya chini ya kitovu hayavumiliki. Kunywa maji mengi ili “kuusukuma” ni kosa: unazidi kujaza chombo kisichotoa. Mzee apelekwe hospitali saa hiyohiyo, usiku wa manane ukiwemo. Atawekewa mpira wa mkojo na nafuu huja ndani ya dakika chache. Mara nyingi huanzishiwa tamsulosini, miligramu 0.4 kwa siku, inayolegeza ile misuli iliyokaza. Baada ya siku mbili tatu mpira hutolewa aonekane kama anakojoa mwenyewe. Dawa hiyo huleta kizunguzungu, basi asiinuke kitandani kwa ghafla. Finasteridi hupunguza tezi yenyewe, ila huchukua miezi kama 6.

Mzee mwenye mkojo mwembamba, wa kukatikakatika, akipata mafua, parasetamoli tupu yatosha kwa homa na maumivu. Pua iliyoziba isafishwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, mililita 250 kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi. Na dawa ya kikohozi ya maji isomwe kibandiko pia: ikiwa na difenhidramini, ni ndugu yake klorfenamini.